Rufaa ya Mguu wa Mama Orpa

Jumatatu, 3 Juni 2024
Rufaa yetu inasikilizwa wiki ijayo. Mama Orpa, muuza unga wa mtaa wa Shituru, aligongwa na lori lenye bima ya kampuni yetu. Mguu ukavunjika, na hakimu wa kwanza akaamuru kampuni imlipie upasuaji pamoja na fidia. Hakimu gani yule! Akiona fimbo ya kutembelea tu, machozi. Mkurugenzi ameniahidi: rufaa ikishinda, nitakuwa mkuu wa ofisi ya Likasi. Wakili wetu, Maître Arielle, hana hoja, ana viatu tu. Kazi yote ni yangu, kama kawaida.

Jumatano, 5 Juni
Nimegundua Mama Orpa anasali kwa Pasta Divin. Huko watu hushuhudia kwa imani: unashukuru hadharani kwa kitu ambacho bado hujakipata, ili Mungu asichelewe. Asiye na mume anashukuru kwa harusi. Wajinga ndio waliwao. Akisema amepona, namrekodi kwa simu.

Jumapili, 9 Juni
Amesema! Amepanda jukwaani na fimbo yake, akamshukuru Bwana kwa mguu mzima. Kanisa likashangilia mno. Kisha Pasta akaiona suti yangu, akaniita mbele. Simu nikamwachia dada wa kwaya aendelee kurekodi. Sikuweza kukubali kushindwa na muuza unga, basi nikashukuru kwamba kampuni imekiri kosa na imeshamlipa mama huyu kila kitu. Kwa imani, bila shaka. Nilipigiwa makofi kumzidi.

Alhamisi, 13 Juni
Arielle aliomba aitazame video kabla ya jaji. Wivu huo, nikakataa. Mama Orpa alipoulizwa kuhusu ushuhuda wake akajibu, "Papa Juge, minye nilisema na imani tu. Muguu ingali inavimba." Jaji akaitazama video hadi mwisho, akaniuliza kama kweli tumelipa. Nikaeleza kwamba nami nilisema kwa imani tu. Hata polisi wa mlangoni alicheka. Jaji akasema mguu na malipo ni imani ileile, ila yeye ana uwezo wa kuamuru malipo tu. Rufaa imetupwa. Mama Orpa anapasuliwa kwa gharama yetu. Inaniuma sana.

Jumapili, 16 Juni
Ukuu wa ofisi amepewa Pitshou, mwenzangu wa kazini asiyejua hata kufunga tai. Sikukata tamaa. Nimerudi kwa Pasta Divin, nikashukuru kwa sauti kwamba Pitshou amefukuzwa na kiti ni changu. Mama mmoja wa safu ya pili alinirekodi mwanzo hadi mwisho. Nimeulizia, ni mama mkwe wa Pitshou. Vizuri sana. Amwonyeshe, aanze kufungasha.