Difu Mpya na Bi Harusi wa Barani

Leo nimeaibika mbele ya wakwe zangu wote, na nawaandikia mwenyewe, wenzangu wa kundi la magari, kabla video haijawafikia. Nimechoka. Nimevua viatu, nimekaa barazani, na mke wangu hajasema neno tangu turudi.

Gari langu mnalijua. Lile jeupe la Kijapani, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lililokuwa la mbio enzi zake (enzi hizo mke wangu Kadzo alikuwa darasa la tatu). Mnajua pia nilivyohangaika na difu, kile chombo cha katikati ya ekseli kinachoyagawia magurudumu nguvu ya injini. Ile ya kiwandani ilikuwa legelege. Gurudumu moja likiteleza, nguvu zote zinakimbilia hilohilo, na lile jingine linatazama tu. Nikataka difu ya kubana, ili yote mawili yasukume pamoja.

Nikawauliza hapa hapa kwenye kundi. Nichukue ya gia, ambayo ni pole na wala haisikiki, au ya plati, ambayo inabana vilivyo lakini inagonga na kulia ukikata kona polepole? Mmoja wenu akajibu kuwa ya gia ni ya wachungaji na wastaafu. Mkacheka sana. Mimi ni mtu mzima, nina mtoto, nina dawa za presha kabatini, lakini maneno yale yaliniingia. Nikaagiza ya plati. Juzi fundi akaifunga.

Kadzo naye alikuwa ameshachoka na gari lenyewe. Akaniambia mbele ya mama yake, "Baba Neema, Dama aolewa Jumamosi. Lifikishe gari lako kanisani na bi harusi ndani, nami sitalitaja tena. Lisipomfikisha, uliuze tununue gari la watu." Dama ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile. Nikakubali bila kufikiri mara mbili. Kutoka Barani, kijijini kwao, hadi kanisani ni safari ya kitoto. (Kilichonitoka akilini ni kwamba msafara wa harusi huenda polepole, na Barani ni kona tupu.)

Asubuhi gari lilikuwa linang'aa. Riboni pande zote, shada la maua juu ya boneti. Nyuma kakaa Dama na mama mkwe, mbele Kadzo. Akina mama wametangulia kwa miguu wakiimba na kucheza, nami nawafuata mwendo wa kobe. Nikakata kona ya kwanza, kutoka getini.

Tok. Tok. Tok. Krrrr. Gari likarukaruka nyuma kama lina kwikwi.

Wimbo ukakatika.

"Nini hiyo?" akauliza mama mkwe.

"Difu, mama. Ndiyo kazi yake."

"Kazi yake ni kuvunjika?"

Kadzo akatazama dirishani. Nikacheka peke yangu, tukaendelea.

Kona ya pili ilikuwa kali zaidi. Dama alikuwa anajiongezea rangi ya mdomo. Gari likaruka, rangi ikatoka mdomoni ikaishia karibu na sikio. Hakulia. Alinitazama tu kwenye kioo, na heri angelia.

Ya tatu hatukuifikia. Mjomba wao Kazungu, aliyewahi kuendesha lori la chumvi, aliinua mkono akasimamisha msafara mzima. Akavua koti, akalala mchangani na shati lake jeupe, akachungulia uvunguni. Alipotoka, hukumu ilikuwa tayari.

"Propela yatoka hii, huu mtaimbo upelekao nguvu nyuma."

"Mjomba, propela haina neno. Difu hii imetengenezwa ilie hivi."

"Nani atengenezaye kitu kilie?"

Nikaanza kueleza. Nikaeleza plati zinavyosuguana. Nikaeleza kwamba kwenye kona gurudumu la nje hutaka kwenda mbio kuliko la ndani, na difu hii haitaki. Watu wamesimama juani na nguo za harusi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunionea huruma.

Ningenyamaza hapo ningenusurika. Lakini wapi. "Hebu shukeni," nikasema, "niwaonyeshe."

Kando ya njia palikuwa na kiwanja kidogo kilichotandazwa kabro, yale matofali ya zege. Nikakunja usukani hadi mwisho, nikaanza kuzunguka polepole, mkono mmoja nje ya dirisha, natabasamu. (Hesabu yangu ilikuwa kwamba likimaliza mzunguko bila kukatika kitu, wataona ni zima.) Gari lilipiga kelele ambazo hata mimi sikuwahi kuzisikia. Tairi zinalia kwenye kabro, riboni zinatetemeka, shada la maua likaanguka na nikalikanyaga. Simu zote ziko juu. Nikamaliza mzunguko wangu, nikasimama palepale nilipoanzia.

"Mmeona? Zima kabisa."

Nikashuka kumfungulia bi harusi mlango apande tena. Bi harusi hayupo. Alikuwa ameshakaa ndani ya tuktuk ya jirani, shela limekunjwa magotini, Kadzo anamfuta shavu kwa leso.

Mama mkwe akanijia. Mama huyu hajawahi kunipandishia sauti, na tunaheshimiana kiasi kwamba hata mkono hatupeani. Akasema taratibu, akitazama pembeni, "Mwanangu, gari ni zuri. Lakini huyu ndiye wa mwisho nilobaki naye kuoza."

Aibu ya kuzunguka pale kiwanjani ilikuwa si kitu mbele ya hii.

Tuktuk ikatangulia, vigelegele vikarudi. Nikabaki na gari tupu, ila si kwa muda mrefu. Mjomba aliona si vizuri liende bure, akapakia kreti za soda pale alipokuwa amekaa Dama. Basi ndivyo nilivyofika kanisani, nyuma ya tuktuk, kila kona difu inagonga na chupa zinaitikia. Mchungaji alikuwa mlangoni akipokea watu. Akaniuliza, "Umeharibikiwa na gari, ndugu yangu?"

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimechoka kueleza.

Sasa hivi, wakati naandika haya, Kadzo katoka nje. Kalizunguka gari mara moja, kanyoosha riboni moja iliyolegea, kisha akasema neno lake la kwanza tangu mchana: "Lipige picha sasa, likiwa bado limepambwa. Litapata mtu haraka."

Ahadi ni ahadi. Nimelipiga, na limependeza kuliko siku zote. Picha hiyo hapo chini: mwenye nia ataje bei, mwenye kicheko akachekee kwake.