Uzinduzi wa Pampu ya Mlimani

(Hotuba ya Mheshimiwa Benard Momanyi, Mratibu wa Kanda wa Mamlaka ya Magurudumu Mawili, aliyoitoa Alhamisi saa tano asubuhi juu ya mlima, kando ya barabara ya Homa Bay kwenda Rongo. Imeandikwa na mimi, Damaris, katibu wake, neno kwa neno kama nilivyoagizwa. Yaliyo kwenye mabano ni yangu.)

Mheshimiwa mwakilishi wa mkurugenzi, ambaye hakuweza kufika lakini amemtuma mwakilishi, ambaye naye yuko njiani, ndugu chifu, naibu wa chifu, naibu wa chifu aliyestaafu ambaye bado tunamtambua kwa sababu bado anakuja, wazee wa nyumba kumi, wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa la Sabato, mwenyekiti wa waendesha baiskeli upande wa Homa Bay, mwenyekiti wa waendesha baiskeli upande wa Migori, na yule mwenyekiti wa tatu ambaye kesi yake ya uchaguzi bado iko kortini, akina mama, vijana, wageni wetu waliotoka mbali, hata kule Ntimaru, dereva wangu, na mimi mwenyewe kwa nafasi yangu. Kama kuna mtu hajasikia cheo chake, ajue kilikuwa kwenye ukurasa wa pili, ambao umepeperushwa na lori lililopita sasa hivi, na asichukulie vibaya.

(Makofi ya watu watatu. Wawili ni wa ofisini kwetu.)

Amosou uduto. Bwakire buya. Hamjambo. Nimesimama mbele yenu juu ya mlima huu mrefu, ambao nimeupanda mwenyewe, kwa gari, kuzindua rasmi Kituo Jumuishi cha Mapumziko, Upepo na Usalama wa Mwendesha Baiskeli, Awamu ya Kwanza, ambacho kwa lugha nyepesi ni flagship project, na kwa lugha nyepesi zaidi ni mahali ambapo mwananchi mwenye baiskeli, akiwa amechoka, au baiskeli yake ikiwa imechoka, au wote wawili wakiwa wamechoka kwa pamoja, atapata huduma chini ya paa moja.

(Watu wanatazama juu. Paa lililopo ni la hema la kukodi.)

Mradi huu haukuanguka kutoka mbinguni. Ulianza na baseline survey, yaani utafiti wa awali, ambayo mimi niliiongoza kwa siku nne bila kupumzika katika hoteli moja nzuri sana ya Homa Bay, na matokeo yake, ndugu zangu, yalinikosesha usingizi mchana mzima. Tulibaini kwamba asilimia sabini na moja nukta nne ya waendesha baiskeli huchoka wakiwa wanapanda mlima. Hao wengine walikuwa wanashuka. Tulibaini pia kwamba katika kila baiskeli kumi, tisa zina shida ya breki, na ile ya kumi haikuwa na breki kabisa, kwa hiyo wataalamu wakasema haiwezi kuhesabiwa kuwa na shida ya kitu ambacho haina. Hizi ni takwimu, si maneno ya mtaani.

Na tusiende mbali. Mzee Elkana, simama hapo mbele wakuone. Mzee wangu huyu amebeba magunia mawili ya makaa kwa baiskeli tangu siku ambazo mimi nilikuwa nasoma. Mzee, hebu waonyeshe wananchi breki yako.

(Mzee Elkana anasimama na kuinua mguu wa kulia. Akala yake, kiatu cha tairi kuukuu, imelika kisigino mpaka imebaki kama karatasi. "Naweka hapa kwa tairi ya nyuma, nakanyaga," anasema. "Ya kushoto iliisha mwezi jana. Hii nayo iko karibu.")

Mmeona. Hiyo ndiyo tunaita indigenous technology, na ofisi yangu haiwezi kuidharau. Ofisi yangu itaisajili. Kuanzia robo ijayo ya mwaka, kila akala inayotumika kama breki itapewa namba na kibandiko, na mwenye akala mbili atapata vibandiko viwili. Keti mzee, pumzisha breki.

(Watu wanacheka. Mzee Elkana pia anacheka, lakini anaangalia kisigino.)

Sasa nije kwenye uchovu, kwa sababu huo ndio moyo wa mradi. Uchovu naujua. Msinione na suti hii mkadhani sijui. Leo tu nimekaa kwenye kiti cha nyuma saa mbili nzima, na kiyoyozi kilikuwa upande mmoja. Kwa hiyo tumekuja na Mwongozo wa Kudhibiti Uchovu Barabarani, kurasa mia moja na kumi na mbili, ambao unasema hivi: kabla ya kupanda baiskeli, mwendeshaji atafanya ukaguzi wa vipengele arobaini na saba, kuanzia kengele hadi kioo cha pembeni, atajaza fomu kwa nakala tatu, na asipokuwa na kengele wala kioo atajaza fomu nyingine ya kueleza kwa nini. Akiwa barabarani atakunywa maji kila dakika ishirini. Asipokuwa na maji, atazingatia dakika. Na yeyote atakayehisi uchovu anapaswa kutoa taarifa kwa maandishi saa ishirini na nne kabla ya kuchoka, ili ofisi iweze kujipanga.

(Hapa mwanamke amesimama nyuma kabisa. Anaitwa Mellen. Anabeba samaki kwa baiskeli kutoka Homa Bay hadi soko la Rongo, ngege kwenye kreti, wamefunikwa gunia lililolowa. Gurudumu lake la nyuma limelala tangu saa mbili. "Jakom," anasema, "mimi naomba tu hiyo pampu iko kwa meza. Nijaze upepo, niende. Samaki yangu inaharibika.")

Mama, mimi si mwenyekiti, mimi ni mratibu, lakini jina umenipa kwa mapenzi na nimelipokea. Nimekusikia. Lakini pampu hii, kama unavyoona, imefungwa utepe. Haijazinduliwa. Na kifaa cha umma kikitumika kabla ya kuzinduliwa, ndugu zangu, hiyo ni nini? Hiyo ni audit query, hoja ya wakaguzi wa hesabu. Nisije nikakusaidia wewe leo nikaiumiza nchi kesho.

(Hapa ni lazima nieleze. Pampu iliyo mezani ni ya fundi Japheth, anayekaa hapa mlimani kila siku na kipande chake cha mpira, gundi na bakuli la maji. Ni pampu pekee kwenye kipande hiki cha barabara. Niliiazima mimi mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, kwa maagizo, ili iwepo kitu cha kuzindua. Tangu saa hiyo hakuna aliyejaza upepo. Baiskeli zilizolala kando ya hema nimezihesabu: kumi na tisa.)

Na nikiwa bado hapo, umati huu mkubwa ninaouona, baiskeli zote hizi zilizosimama kwa utulivu, wanaosema wananchi hawapendi miradi waje waone. Watu wameacha kazi zao kuja kunisikiliza. Hata wanaotaka kuondoka nawaona wamebaki.

(Fundi Japheth: "Hawana namna, mkubwa. Upepo imeisha." Kicheko kirefu.)

Asante fundi kwa ufafanuzi. Sasa nieleze kituo chenyewe. Kitakuwa na viti ishirini na vinne vya kulalia nusu, bafu mbili, chumba cha kunyoosha misuli, kona ya kubadilisha mipira ya breki bila foleni, tairi na tyubu za saizi zote, mnyororo wa akiba, na mshauri wa saikolojia kwa wale ambao baiskeli imewakwaza. Ramani yake ninayo ndani ya gari. Imechorwa na mtu aliyesoma, na ina rangi.

(Fundi Japheth tena, kwa upole: "Na hiyo kituo yenyewe, mkubwa, imejengwa wapi?")

Swali zuri, na nafurahi limeulizwa, kwa sababu ndiyo public participation yenyewe. Fundi, mradi huu umekamilika kwa asilimia mia moja, kama ripoti yangu ya mwezi uliopita inavyoonyesha, na kilichobaki sasa ni kuujenga tu.

(Mtu mmoja anapiga makofi, kisha anaacha.)

Naona hisia zimewazidi. Nasikia pia kuna harufu fulani inatoka upande wa nyuma, na wengine mmeanza kuziba pua. Msizibe. Hiyo ni harufu ya uchumi wa ziwa ukipanda mlima.

(Ni samaki wa Mellen. Amesimama tena, na safari hii amekuja mpaka katikati ya viti, akiisukuma baiskeli. Nayaandika maneno yake yote, kwa sababu hakupaza sauti. "Jakom, mimi nimetoka Homa Bay saa kumi na moja asubuhi. Jana pia. Kwa ule mteremko wa huko nyuma nimelala juu ya baiskeli, naapa, nimeamka niko upande ya lori. Breki nashika haishiki. Mungu tu. Sasa nimechoka mpaka naskia kulia, na sitaki kulia mbele ya watu. Watu wa soko wananingoja mpaka saa saba, ikipita hapo wananunua kwa mwingine. Hii samaki ikioza, kesho sina kitu ya kubeba. Mimi sikatai kituo. Mjenge. Leo naomba upepo.")

Mama, maneno mazito sana hayo, na yameniingia. Yameniingia kiasi kwamba natangaza hapa hapa kuundwa kwa taskforce ya watu kumi na mmoja, itakayoongozwa na mimi, itakayozunguka mteremko hadi mteremko kuchunguza usingizi wa juu ya baiskeli, chanzo chake, aina zake, na kama unaweza kuahirishwa, na itatoa ripoti ya mwanzo baada ya miezi tisa, isipokuwa

(Hapa sikuandika kwa muda wa dakika tatu au nne. Niliona aibu, na nasema wazi kwamba ilikuwa aibu yangu, maana mkono ulioazima ile pampu ni huu wa kuandikia. Nilienda mezani, nikafungua utepe, nikambebea Mellen pampu mpaka kwenye baiskeli yake. Fundi Japheth akakagua tyubu, akasema haijatoboka, ni valvu imelegea, akaikaza kwa vidole. Mellen akashika mpini akapiga pampu mwenyewe. Nilimshikia baiskeli. Fundi alipomaliza gurudumu akakata kipande cha tairi kuukuu, akakifunga kwenye breki yake ya nyuma kwa waya, akamwambia ashuke polepole, na akisikia usingizi ateremke atembee. Mellen alininong'oneza, "Asante, dada," akapanda. Kwa sababu hiyo sehemu ya hotuba inayohusu taa za sola haimo katika kumbukumbu hii.)

na ndiyo maana nasema kila mara kwamba mwananchi wa leo si wa kusukumwa. Mmemwona yule mama. Hakungoja. Amezindua mwenyewe. Na ninyi wengine, naona mmeshapanga foleni kwa pampu, foleni iliyonyooka, jambo ambalo katika lugha ya kitaalamu tunaliita ownership, na katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kuona mradi unaopokelewa kwa kasi namna hii wakati mfadhili wa mawazo bado anaongea. Bi Damaris, rudi kwenye kiti uandike. Andika kwamba saa ya kwanza ya mradi imehudumia baiskeli kumi na tisa, kisha zidisha kwa saa za mchana na usiku, kisha kwa siku za mwaka.

(Nimezidisha. Imekuwa laki moja, sitini na sita elfu, mia nne na arobaini. Ameniambia niikadirie iwe laki mbili.)

Laki mbili. Wapo viongozi wamekaa ofisini miaka ishirini hawajamjazia mtu upepo hata mmoja, na mimi nimejaza laki mbili kabla ya saa sita. Sijisifu. Takwimu zinanisifu, na mimi kazi yangu ni kuzisoma kwa sauti.

Kwa hayo machache, niseme kaulimbiu zetu, na ninyi muitikie. Nikisema pedali, mseme salama. Pedali.

(Viti vingi viko wazi. Naibu wa chifu aliyestaafu: "Salama.")

Uchovu.

(Hakutuambia tuitikie nini. Waliojaza upepo wanashuka upande wa Rongo, mmoja mmoja, wakishika breki walizonazo.)

Vizuri sana. Sasa shukrani. Nawashukuru wenye hema, ambao wamekuja kulichukua na naomba wasubiri nitoke kwanza. Namshukuru mwenye shamba hili, ambaye nimeambiwa sasa hivi kwamba hakuwa na habari, na ambaye naona anakuja. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi Japheth, ambaye bila pampu yake mradi huu usingekuwepo, na kwa kuwa pampu ameirudisha kwenye kibanda chake na ameikalia, basi kwa mamlaka niliyopewa natangaza kwamba Awamu ya Kwanza imefunguliwa, imetumika, na imefungwa rasmi kwa mafanikio makubwa. Asanteni sana, Mungu awafikishe salama, mshuke mlima kwa uangalifu, na kabla hamjaisha wote, kama kuna yeyote anayemjua fundi mwenye pampu kule Isebania, amwachie Bi Damaris namba yake ya simu, kwa sababu kituo cha kule tunakizindua leo saa tisa.