Mwasisi wa Bustani ya Wapendwa Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata wazo. Kubwa! Nashangaa kichwa hiki hakijapasuka.

Nyuma ya saluni yangu kuna kiwanja cha mtaa. Hakina mwenyewe, kina takataka tu: matairi, magodoro yaliyochanika, choo cha kukaa kilichovunjika mdomo. Nitakigeuza bustani. Kila familia ipande mti kwa ajili ya mtu wake aliyetangulia. Wengi wetu hapa tumezika mbali. Mke wangu mwenyewe amelala kwao, safari ya basi ya kutwa nzima, na nikitaka kumpa habari za mtaa sina pa kukaa. Nazungumza na kabati lake. Binti yangu ameshanikuta.

Nimewatangazia wateja mmoja mmoja, wembe ukiwa shingoni mwao. Hakuna aliyepinga. Wazo zuri hujiuza lenyewe.

Mwenyekiti, bila shaka, ni mimi. Bado uchaguzi tu.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano, hapa hapa saluni. Nilifagia, nikapanga mabenchi yote yatazame kiti kikubwa cha kunyolea, kile kinachozunguka na kupanda. Mpango: watu wakiingia wanikute nimekaa juu, wajue wenyewe la kufanya.

Nikaenda mara moja nyumbani kubadilisha shati. Kurudi, loo! Fundi Saa! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtengeneza saa, mtu anayewahi hata misiba ambayo haijatokea. Amekaa kwenye kiti changu. Amekipandisha mpaka mwisho! Mama Mkate, mwenye tanuri la mikate pale kona, akasema mbona mwenyekiti tunaye tayari. Mikono ikainuka.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nikamngoja. Hakushuka.

Mimi nimepewa cheo cha Msimamizi wa Taka. Binti yangu alicheka hadi akashika ukuta. Akanifariji: "Baba, angalau una cheo."

Alhamisi, 6 Machi

Sijashindwa. Kuna mahali pamoja tu pa maana kiwanjani: katikati, palipoinuka, panapoonekana kutoka barabarani. Fundi Saa anapataka kwa ajili ya mdogo wake, dereva wa lori aliyefia safarini. Marehemu namheshimu. Alikuwa mteja mwema, ndevu zake zilikuwa na bidii. Lakini mke wangu ni mke wangu.

Mpango: kuwahi alfajiri, kupanda mpera wangu, kisha kushangaa pamoja na wengine.

Nikachimba. Udongo laini ajabu. Nikajiambia, mke wangu ananisaidia. Jembe likagonga kitu kigumu. Nikakigonga tena, kwa hasira. Bomba kuu la maji la mtaa!

Maji yaliruka hadi kidevuni. Nikaziba kwa mguu, kisha kwa miguu yote miwili, kisha kwa kukaa. Ndivyo mtaa ulivyonikuta kulipokucha: nimekalia chemchemi, mpera mkononi. Mama Mkate akauliza kwa upole kama namwagilia.

Nikamjibu ndiyo. Ningesema nini?

Jumamosi, 8 Machi

Ya jana sitaki kuyaandika. Mtaa mzima bila maji, tanuri bila unga uliokandwa. Mtu aliyekosa mkate wa asubuhi ana ulimi mkali. Nimeitwa majina ambayo wazazi wangu hawakunipa.

Leo watu wa maji wamefika na tingatinga. Ili walifikie bomba, ilibidi wasombe matairi, magodoro, choo, kila kitu, na kupakia kwenye lori lao, maana walikosa pa kukanyaga. Taka tulizoomba ziondolewe tangu binti yangu anatambaa! Kiwanja kikabaki kitupu, kimelowa, kinanukia udongo. Watu wakasimama ukingoni wakakitazama kama wanaotazama chumba cha mgeni wanayemtarajia.

Fundi Saa naye, kwa maneno yake matamu ya uenyekiti, akawabembeleza waache na bomba la kuchotea pembeni, kwa ajili ya miti. Wakaliacha. Nikaona wivu. Nikaona na furaha.

Nimewaeleza watu kwamba hayo yote yalikuwa kwenye mpango wangu tangu mwanzo. Wamecheka kwa pamoja, hata wale wasiosalimiana.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kupanda. Watu tele! Majembe, ndoo, bibi mmoja na kijiko cha chai.

Shimo la katikati nililichimba mapema, safari hii nikipapasa kwa vidole. Nilipoinuka, Fundi Saa alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo hilo hilo, na mlimau wake. Tukatazamana kama majogoo. Alinikumbusha kwamba yeye ni mwenyekiti. Nilimkumbusha nani kachimba.

Ndipo akaja Mama Mkate. Amebeba mche wa mchungwa, mizizi ndani ya mfuko wa unga. Hakumtazama mtu.

"Na yule ambaye hatukumzika," akauliza, "naye anaruhusiwa mti?"

Mwanawe alikuwa baharia. Meli ilizama, mwili haukuonekana. Mtaa wote unajua, na mtaa wote umelinyamazia.

Mwenyekiti akakohoa. Akakohoa tena. Maneno yake matamu yote yalikuwa yamekauka. Mimi sikuwa na mpango wowote, naapa. Mdomo ulijifungua wenyewe.

"Mama, shimo hili tumekuchimbia wewe."

Uongo mtupu! Fundi Saa akanitazama. Nikajua leo naumbuka.

"Kamati ilishapitisha," akasema, na uso wake haukutikisika.

Waongo wawili! Tukamshikia mche, yeye akafukia kwa mikono yake iliyozoea unga. Alipomaliza akalitaja jina la mwanawe, kwa sauti, kama anayemwita aje kula. Sikuwa nimelisikia tangu habari zile zilipofika. Fundi Saa alijifanya ameingiwa na mchanga jichoni. Mimi uliniingia kweli.

Mpera wa mke wangu umekwenda pembeni, karibu na bomba. Mlimau wa mdogo wake Fundi Saa umepandwa ubavuni mwake, maana nafasi nyingine zilikuwa zimekwisha. Jioni nimegeuza ndoo nikaikalia, nikampa mke wangu habari zote, hata ile ya chemchemi. Upepo ukatikisa majani. Nadhani alicheka.

Binti amenifuata na chai. Kasema nimefanya jambo jema, na kwamba ananiomba, chonde chonde, nisiongeze kitu.

Nimeahidi.

Jumanne, 18 Machi

Mlimau wa Fundi Saa umetoa jani jipya. Mpera wetu, hata dalili! Nimeipima yote miwili kwa kitana. Wametuzidi kwa meno kadhaa. Fundi Saa alipita akasema hakuna haraka, miti haishindani. Maneno ya mtu anayeongoza!

Dawa ilikuwa sakafuni mwangu siku zote. Nywele! Zikioza ni mbolea kali, nilisikia mahali. Nimemwaga gunia zima shinani. Binti kasema mama sasa anaonekana ana ndevu. Nimempuuza. Vijana hawajui kilimo.

Lakini gunia moja halitoshi, na watu wa mtaa huu hunyoa kwa uvivu. Kwa hiyo nimebandika tangazo mlangoni: kwa heshima ya bustani yetu, wiki hii kila mwanamume anyoe upara. Limetiwa saini na Mwasisi.

Na mwenye nywele nyingi kuliko wote hapa mtaani ni nani? Mwenyekiti mwenyewe. Kichwa kizima, msitu! Kesho asubuhi nitamwambia kiongozi hutangulia mbele ya watu wake. Atakaa mwenyewe kitini.

Safari hii nimefikiria kila kitu.