Makhanu Asiwepo Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimekasirika! Mkutano wa mtaa, nasimama kulalamikia takataka, Makhanu, mzee wetu wa nyumba kumi, ananikata: "Wageni ngojeni kidogo." Mgeni! Nilitoka Mbale, ng'ambo ya mpaka, nikiwa kijana. Nimeoa Nakuru, nimezaa Nakuru, nimemzika mama mkwe Nakuru. Babu yake na babu yangu walitahiriwa kwenye mlima mmoja, ila wake alijikuta upande huu wa mpaka. Basi yeye anapiga kura na mimi nalinda watoto. Imetosha! Ombi langu la uraia limefika mbali. Ijumaa afisa anakuja kuwauliza majirani mimi ni mtu wa aina gani. Uchaguzi ujao nitapiga kura hata nikiwa na malaria.

Jumatano, 5 Machi
Afisa akimkuta Makhanu, nimekwisha. Nilimshtaki kwa chifu kwa sababu ya jogoo wake. Mara tatu. Nikafikiri mpaka chai ikapoa. Dawa imepatikana! Makhanu hapitwi na viazi rahisi. Nimemwomba Sitati, fundi wa baiskeli, amdanganye kuwa kule Keringet wakulima wanauza kwa bei ya kutupa, Ijumaa pekee. Nangila, mke wangu, anasema ningeenda tu kumsalimia jirani yangu. Nangila hajui siasa.

Ijumaa, 7 Machi
Makhanu ameondoka alfajiri na magunia matupu. Nimempungia mkono.
Afisa Chepngeno akafika. Chai, mandazi, wimbo wa taifa beti zote, bila kuombwa. Akauliza mzee wa nyumba kumi yuko wapi. Nikasema kwa masikitiko kwamba huyo hapatikani siku za kazi. Akafunga faili! Kumbe bila neno lake ana kwa ana hakuna kitu. Tena akashangaa, maana Makhanu mwenyewe alimpigia simu kusema mimi ni mtu mzuri, mkali kidogo tu kwa mambo ya kuku. Atarudi Alhamisi. "Lakini huyo mzee asikose, boss."
Hasira niliyo nayo! Nimepiga ukuta teke. Mguu umevimba.

Jumapili, 9 Machi
Makhanu amepita akitoka kanisani. Kumbe Keringet viazi vilikuwa rahisi kweli! Ameniletea debe zima, eti pole ya mguu. Alhamisi hatatoka nyumbani, atanisemea kwa afisa, kwa sababu jirani ni jirani hata akiwa na mdomo. Nangila amelia. Hata mimi nilimkaribisha chai.
Halafu nikafikiri. Mtu uliyemshtaki mara tatu akuletee viazi? Bure? Kikulacho ki nguoni mwako! Anataka nipate uraia kwa mkono wake, anisimange mpaka kaburini. Ashindwe! Nimeshamtuma Sitati. Atamwambia Makhanu kuwa kijana wake ameitwa kazi kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria, mahojiano ni Alhamisi, na mzazi lazima aende naye.