Tabaka Arobaini za Sumaku

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka wa thelathini na moja ugenini.

Mdogo wangu kapiga simu kutoka nyumbani. Shule niliyokuwa nikifundisha inafungua chumba cha fizikia. Wanataka nikizindue mimi, na nije na jambo la kuwashangaza watoto. Hatimaye! Nimeshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Vumbi tupu.

Niwaonyeshe nini? Mpwa wangu, mtafiti wa maabara, anasema wao huiamrisha sumaku kwa uga wa umeme: msukumo tu, mkondo haupiti. Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 4 Machi.

Nimemuuliza tena. Kuna tabaka mbili, nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Zimelaliana, ila sumaku zake zimeelekea kinyume, zinafutana. Uga ukija, zinageukia upande mmoja. Akasema ni kama mimi na Fundi Friji, jirani wa juu, tunaoishi jengo moja tukipeana migongo. Sikucheka.

Nimewaza: kama mbili zinatii, arobaini zitatii zaidi. Hesabu nyepesi.

Jumatano, 5 Machi.

Nimebandua sumaku zote za mlango wa friji. Nimezikata, nikazipanga tabaka arobaini, nikazigandisha kwa gundi. Karatasi ya foili ya jikoni juu, nyingine chini. Mke wangu kauliza picha za wajukuu zitashikwa na nini. Nikamwambia sayansi ina gharama zake. Akasema basi leo sayansi ipike.

Fundi Friji kachungulia mlangoni. Kauliza kama ni keki. Kisha, kwa upole wa kuudhi, akasema nikishindwa atakwenda yeye kuzindua. Alikulia mtaa uleule wa shule, na hahitaji miujiza.

Alhamisi, 6 Machi.

Mimi nataka kinyume cha mpwa: uga uizime sumaku, msumari uanguke. Betri moja: msumari unaning'inia. Betri nne: bado unaning'inia. Mpwa anasema uga hauingii ndani ya kitu kinene, tena vya kwao hukaa kwenye baridi kali mno. Nimelitia rundo kwenye friza. Msumari umeganda nalo. Je, haya ni maendeleo? Sijui.

Ijumaa, 7 Machi.

Majaribio sebuleni. Mke, mpwa, na Fundi aliyejialika. Nikaunganisha betri ya gari. Msumari ukaanguka! Nikapiga kelele. Rundo zima likafuata, likifuka moshi. Fundi akasema foili zimegusana. Umeme haukuzima sumaku, umeyeyusha gundi. Mpwa akaokota kipande kwa koleo. Kikanasa msumari papo hapo.

Mpwa akanisihi niende hivyo hivyo, niwasimulie watoto ilivyoshindikana. Watacheka, na wataelewa. Mke wangu akasema mdogo wangu anataka kuniona mimi, si sumaku.

Miaka yote hii, nirudi na moshi?

Jumatatu, 17 Machi.

Alikwenda Fundi. Mdogo wangu kapiga simu kusimulia. Fundi alifungua mota ya friji mbele ya watoto, kuifunga kukamshinda, skrubu zikazagaa sakafuni. Watoto walicheka mpaka basi, kisha wakamsaidia kuifunga. Wamemwomba akae mwezi mzima.

Mdogo wangu akaniuliza mimi nakuja lini. Nikamweleza kwamba kosa langu sasa liko wazi: tabaka zilikuwa chache. Nimeagiza mia mbili. Kisha akasema, "Kaka, kiti chako tulikiweka mbele."

Nikamwambia awasalimie wote. Na moshi tu mkononi, sitarudi.