Bakuli la Nne la Kahawa, Normandi

Leo nimeadhirika. Basi zima la watalii limesimamishwa katikati ya mashamba ya Normandi, huku Ufaransa, kwa sababu yangu mimi, mwalimu mzima kutoka mji wetu wa Ibra. Na mama mkwe wangu yumo ndani.

Tumekuja watatu: mimi, mke wangu Salma na mama yake. Asubuhi tuliona kanisa kuu, refu mpaka shingo inauma. Salama. Kisha tukapelekwa shambani kwa bibi mmoja mfuga ng'ombe, akatukaribisha kahawa. Kwetu kahawa ni finjani, mafunda mawili. Kwake ni bakuli. (La supu, wallahi.)

Nikamaliza, nikalitikisa kama tunavyotikisa finjani nyumbani, yaani ahsante, imetosha. Bibi akatabasamu, akajaza. Nikanywa, nikatikisa. Akajaza.

"Tikisa vizuri, mwanangu," akasema mama mkwe. "Labda hajaona."

Nikatikisa kwa mikono miwili. Bibi akaenda kuleta birika jingine.

"Si umwambie basi," Salma akaninong'oneza.

"Nimkatalie mwenye nyumba mbele ya mama yako?"

Bakuli la nne. Msalani foleni ya watu kumi, na dereva keshapiga honi. Pwani, tunakoelekea, ni mwendo wa saa nzima. Nikaapa nitafika bila mama mkwe kujua.

Baada ya nusu saa nikashindwa. Nikamnong'oneza kiongozi wa safari. Naye akachukua kipaza sauti, akatangaza kwa lugha tatu. (Mama mkwe hajui hata moja. Salma akamfasiria.)

Basi likasimama. Mti wa karibu ulikuwa ng'ambo ya malisho. Nikatembea, ng'ombe wakanifuata kwa mstari kama wanakwenda arusini. Nikisimama, wanasimama.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa akitazama dirisha la upande wa pili, kwa adabu kubwa.

"Pole, baba," akasema. "Baba mkweo, Mungu amrehemu, naye alikuwa hawezi kukataa."

Sasa niko kwenye kompyuta ya hoteli. Mzee mmoja wa basi letu alikuwa dirishani na kamera wakati wote ule. Nimemuuliza. Anasema anadhani amepiga ng'ombe tu, lakini hana hakika mpaka filamu isafishwe, akirudi kwao.

Kwao ni wapi, sikuuliza.