Nilivyofagia Majina ya Mafaili

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta mpya ya studio imegoma kupokea picha za harusi. Kisa, majina! Wateja wanaandika "Keki ya Dada: tamu??*" na mashine haitaki viulizio wala vinyota. Bosi katangaza kwamba atakayesafisha majina yote kabla ya Ijumaa ndiye mkuu wa kitengo. Nikanyoosha mikono yote miwili. Mpinzani ni mmoja tu, mwenzangu tunayemwita Taratibu. Akauliza kama tutaanza kwa kutoa nakala. Nakala! Kwa mwendo huo ukuu ataupata akistaafu. Nyumbani nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Kasema Mkuu akaoshe vyombo.

Jumanne, 4 Machi
Programu tayari. Mstari mmoja! Alama yoyote iliyokatazwa, fagia. Nimejaribu faili moja, likatakata. Nikacheza peke yangu. Mama wa chai akaingia, akaniona, akarudi alikotoka. Taratibu akauliza habari za mkwaju, huu (/). Nikamjibu umekatazwa kwenye majina, basi unafagiwa. Akasema mkwaju huohuo ndio unaotenga folda na folda. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeiachia programu kwenye picha zote. Maskini mimi! Mikwaju nayo imefagiwa. Folda zimeyeyuka, harusi zote zimemwagika mahali pamoja. Sijui bibi harusi yupi ni wa nani. Nimemwambia bosi majina ni safi, na si uongo. Akaamuru albamu zichapwe.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja shangazi wa bwana harusi, albamu kwapani. Analalamika kwamba kwenye keki bwana harusi ni wa kwao, kwenye dansi ni mwingine. Kisha kwa sauti ya chini akauliza huyo wa pili ni mtoto wa nani, maana ana sura. Bosi hakucheka. Akaniita kwa majina yangu matatu, akasema nifungashe vitu vyangu. Nikaenda kutafuta boksi. Ndipo Taratibu akaleta nakala aliyoitoa kimyakimya Jumatatu, akasafisha kila jina bila kugusa folda, akaniombea msamaha. Nilimshukuru kwa moyo wote. Baadaye nikamchukia kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Taratibu ndiye mkuu. Amri yake ya kwanza: marufuku kugusa mafaili bila nakala. Amri nzuri, kwa wanaojifunza. Katoka kwenda kula. Nimechungulia majina yake, na kumbe kila moja lina kinukta karibu na mwisho, kabla ya zile herufi "jpg", kimekaa tu hakina kazi. Hakukiona! Kutoa nakala ni mpaka jioni, kwa hiyo nimevifagia vyote. Ajabu, picha zimegeuka vikaratasi vyeupe, hakuna hata moja inayofunguka. Nakimbia kwa bosi sasa hivi, aje aone mkuu wake mpya alivyoziharibu.